Jua, mvua au mizizi: nini hasa kinachoozesha jabali?

Swali la msomaji: Shuleni tulifundishwa kwamba jua la mchana huutanua mwamba na baridi ya usiku huusinyaza, mpaka mwisho ukapasuka. Karibu na tunapoishi pana jabali la graniti. Juu linabanduka magamba kama kitunguu. Ubavuni pana changarawe inayopukutika kwa vidole. Na kwenye shimo lililochimbwa chini yake tumekuta udongo mwekundu wenye mawe ya mviringo magumu ajabu. Je, yote hayo ni kazi ya jua? Na kabla hatujachimba zaidi, nitajuaje mwamba umeoza kiasi gani?

Jua lina mkono wake, lakini halistahili sifa zote linazopewa. Katika vitu ulivyovitaja, linaweza kudai sehemu ya magamba tu. Changarawe, udongo mwekundu na yale mawe ya mviringo ni kazi ya maji: maji machache, yasiyo na kasi, yanayopenya kwenye nyufa ambazo jicho halizioni na kukaa humo. Hata magamba yasingefika mbali kama maji yasingepita nyuma yake.

Tuondoe kwanza mkanganyiko mmoja. Kuchakaa kwa mwamba ni kuvunjika au kuoza palepale ulipo, bila kwenda popote. Mmomonyoko ni kile kinachofuata, pale maji, upepo au mteremko unapobeba kilichokwisha kulegea. Ulichokiona shimoni ni kuchakaa. Mchanga unaoteremka chini ya jabali baada ya mvua ni mmomonyoko.

Sasa jua. Mwaka 1936 mwanasayansi wa Marekani David Griggs alichapisha matokeo ya jaribio lililowashangaza wengi. Alichukua kipande cha graniti kilichong'arishwa, akakipasha moto kwa hita na kukipoza kwa feni, kila mzunguko ukichukua dakika 15, mara 89,400. Ukihesabu mzunguko mmoja kuwa siku moja, hiyo ni kama miaka 244 ya mchana na usiku, tena kwa tofauti ya joto ya takriban nyuzi 110, kubwa kuliko jangwa lolote. Alipokitazama kwa hadubini hakuona badiliko. Kisha akarudia, safari hii akikipoza kwa maji badala ya feni. Baada ya mizunguko inayolingana na miaka miwili na nusu tu, mng'ao ulikuwa umefifia na nyufa zimeanza. Joto lilikuwa lilelile. Kilichoongezeka ni maji.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini joto peke yake ni dhaifu. Graniti ya urefu wa mita 1 ikipanda joto kwa nyuzi 40 hurefuka kwa kama theluthi moja ya milimita. Na joto lenyewe haliendi mbali: ukishuka nusu mita ndani ya jabali, mchana na usiku karibu havitofautiani.

Hata hivyo tusimtwishe Griggs zaidi ya alichokipima. Kipande chake kilikuwa kidogo, na kilikuwa huru kutanuka pande zote. Mwamba wa porini umebanwa na majirani zake, na bamba jembamba lililokwisha kuachia nyuma ni jambo jingine kabisa. Huko Yosemite, California, watafiti walifunga vipimo nyuma ya gamba moja la graniti lenye urefu wa mita 19 na unene wa kama sentimita 10. Waliona gamba hilo likijitenga na jabali kwa hadi sentimita 1 mchana na kurudi usiku, siku baada ya siku, na kila msimu wa joto likiacha mwanya mkubwa kidogo kuliko uliotangulia. Kwa hiyo jua haliupasui mwamba mzima, ila linaweza kuumalizia mwamba ambao tayari una ufa. Moto ni habari nyingine. Moto wa msitu hupandisha joto la uso kwa mamia ya nyuzi ndani ya dakika chache, na uso huo huruka vipande. Wachimbaji wa kale waliijua siri hiyo, wakawasha moto juu ya mwamba kisha wakaumwagia maji.

Basi ule ufa wa kwanza ulitoka wapi? Graniti yako haikuzaliwa juani. Iliganda kutoka kwenye magma, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto, kilomita kadhaa chini ya ardhi. Kila kilomita 1 ya mwamba uliokuwa juu yake iliikandamiza kwa takriban megapaskali 27, sawa na mzigo wa kilo 270 hivi juu ya kila sentimita moja ya mraba. Kwa mamilioni ya miaka mmomonyoko ulikula mwamba huo wa juu, mzigo ukapungua, na graniti ikafutuka kuelekea juu, upande pekee uliokuwa wazi. Mwamba ukitanuka hivyo hupasuka sambamba na uso wake. Ndiyo maana mabamba hufuata umbo la jabali, membamba karibu na uso na manene zaidi kadiri unavyoshuka. Siku hizi wataalamu wengi wanaona kwamba kupungua kwa mzigo peke yake hakutoshi kueleza kila kitu, kwamba mkandamizo wa pembeni ukikutana na uso uliobinuka kama kuba husukuma mabamba nje. Hilo linafafanua kwa nini magamba huonekana zaidi kwenye majabali ya mviringo kuliko kwenye sakafu bapa.

Zaidi ya nyufa za magamba, graniti huwa na nyufa za wima na za mlalo zilizopatikana wakati wa kupoa na wakati ardhi ilipokunjana. Nyufa hizi hukatana na kuugawa mwamba vipande kama matofali makubwa. Hapo ndipo maji yanapata mlango, na hapo ndipo yale mawe yako ya mviringo yalipoanzia.

Fikiria tofali moja la graniti lililozikwa, limezungukwa na nyufa zenye unyevu. Uso wake bapa unashambuliwa kutoka upande mmoja. Ukingo, zinapokutana nyuso mbili, unashambuliwa kutoka pande mbili. Pembe inashambuliwa kutoka pande tatu. Pembe huoza kwanza, kingo zikafuata, na kinachobaki katikati kinazidi kuwa mviringo, kama barafu inavyopoteza pembe kwenye glasi. Hakuna mto uliolisukuma jiwe hilo. Udongo unaolizunguka ukisombwa, mawe hayo hubaki yamepandana juu ya ardhi, kama yanavyoonekana kwenye vilima vya Matobo nchini Zimbabwe na Karlu Karlu nchini Australia, mahali ambapo mgeni hukata shauri kwamba lazima kuna mtu aliyeyapanga.

Idadi ya nyufa ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mchemraba wa mwamba wenye upande wa mita 1 una eneo la uso la mita za mraba 6. Ukikatwakatwa vipande vya sentimita 10, jumla ya nyuso inakuwa mita za mraba 60. Ukifika sentimita 1, ni mita za mraba 600. Mwamba ni uleule na uzito ni uleule, ila maji yamepata mahali pa kushika mara mia zaidi. Kwa hiyo graniti mbili za aina moja, zinazonyeshewa mvua ileile, zinaweza kutofautiana kabisa. Yenye nyufa kila nusu mita imeoza hadi chini, na yenye nyufa kila mita 10 inasimama juu kama jabali. Jabali lako limesimama kwa sababu hiyo.

Tuje kwenye changarawe, kwa sababu hapo kuna jambo ambalo wengi hulipita. Chukua konzi moja, utandaze juu ya karatasi nyeupe, utazame kwa lenzi ya mara 10. Utaona chembe za aina tatu. Za kijivu kama vipande vya chupa, zisizo na upande bapa, ni kwatzi. Nyeupe au za waridi zenye nyuso bapa zinazomeremeta ukizigeuza kwenye mwanga ni feldispa. Vijikaratasi vyeusi au vya rangi ya shaba ni ulanga mweusi, ambao wataalamu huuita bayotaiti. Sasa kwaruza feldispa kwa ncha ya kisu. Ikiwa kisu kinateleza, au kinaacha alama ya chuma juu yake, feldispa bado nzima. Ikiwa inatoa unga mweupe, imeanza kugeuka udongo.

Kwenye changarawe nyingi za graniti utakuta feldispa karibu nzima, na bado mwamba umepukutika. Inawezekanaje? Jibu liko kwenye ule ulanga. Ndani yake mna chuma. Oksijeni iliyomo kwenye maji inapokifikia, chuma hicho hushika kutu, na tabaka za ulanga, ambazo ni kama kurasa za kitabu, hufunguka na kuvimba. Kila kijikaratasi kinakuwa jeki ndogo kati ya chembe ngumu, na chembe huachana. Asilimia chache tu za madini zikibadilika zinatosha kulifanya jiwe lililokuwa linaita kwa nyundo lisagike mkononi. (Ulanga wa namna hii hupata rangi ya dhahabu na humeta kwenye mchanga wa vijito. Wengi wamehangaika nao bure. Dhahabu haimeguki kuwa vijikaratasi ukiibonyeza kwa sindano.)

Baada ya changarawe ndipo feldispa nayo inapokwenda. Mvua ikianguka huwa imekwisha kuyeyusha kiasi cha hewa ya ukaa na kuwa asidi dhaifu, yenye pH ya kama 5.6. Ikipita kwenye udongo inaongeza makali, kwa sababu hewa iliyomo udongoni, kwa kupumua kwa mizizi na vijidudu, mara nyingi ina hewa ya ukaa mara 10 hadi 100 ya ile iliyo juu. Asidi hiyo hung'oa potasiamu, sodiamu na kalisi kutoka kwenye feldispa, pamoja na sehemu ya silika (kitu kilekile kinachounda kwatzi), na kuacha udongo wa mfinyanzi, hasa kaolini. Tukichukua feldispa ya potasiamu, kila kilo 1 huacha takriban gramu 460 za kaolini. Kilichobaki kimeondoka na maji. Na kwa kuwa mara nyingi mwamba haubonyei wakati huo, unabaki na umbo lake, nyufa zake na hata mishipa yake ya kwatzi, lakini umejaa matundu. Ukiuchimba utaona picha kamili ya graniti, na jembe linazama.

Wekundu nao ni ule chuma. Kikiwa huru na hewa ikiwepo, hugeuka hematiti, nyekundu, au gothaiti, ya manjano na kahawia. Ukikuta mabaka ya kijivu au kijanibluu ndani ya wekundu huo, ujue hapo maji hutuama na hewa haifiki. Hiyo ni habari ya maana kwa anayetaka kuchimba shimo la choo au msingi.

Kwatzi yenyewe haifanyi haraka. Mwaka 1938 mwanajiolojia wa Marekani Samuel Goldich alipanga madini kwa ustahimilivu wao: olivini huoza kwanza, ikifuatwa na piroksini, hornblendi, ulanga mweusi, feldispa ya potasiamu, ulanga mweupe, na mwisho kwatzi. Kwa upande wa feldispa nyingine, zenye kalisi huwahi na zenye sodiamu huchelewa. Kanuni iliyo nyuma ya mpango huo ni nyepesi kukumbuka: madini yaliyoganda kwenye joto kubwa zaidi ndiyo yanayopata taabu zaidi juu ya ardhi. Basalti, mwamba mweusi wa volkeno, iliyojaa piroksini na feldispa ya kalisi lakini haina kwatzi, huishia kuwa udongo mzito bila mchanga. Graniti huacha udongo uliochanganyika na mchanga, na mchanga huo ndio unaosafiri hadi baharini.

Miamba mingine nitaigusa kwa ufupi. Mchanga ulioshikamana kuwa jiwe hutegemea gundi yake: ikiwa ni silika unadumu, ikiwa ni chokaa gundi inayeyuka na chembe zinaachana. Mwamba wa chokaa hauachi udongo wake mwingi, unayeyuka na kuondoka. Mwamba wenye uchafu wa asilimia 5 tu lazima upungue kwa kama mita 10 ili uache mita 1 ya udongo, kwani udongo una uzito wa karibu nusu ya ule wa mwamba kwa ujazo uleule. Ndiyo sababu nchi za chokaa zina mapango mengi na udongo kiduchu. Miamba ya tope yenye chembe za pairaiti, madini ya chuma na salfa, ni ya kuogopwa: pairaiti ikipata hewa na maji hutoa asidi ya salfuriki, chumvi zinazozaliwa huvimba, na sakafu ya nyumba iliyojazwa kifusi cha namna hiyo huinuka na kupasuka.

Barafu inatajwa sana vitabuni, na maelezo yake huwa nusu. Ni kweli maji yakiganda huongezeka ujazo kwa asilimia 9. Lakini ufa wa mwamba si chupa iliyofungwa: barafu inaweza kufutuka kuelekea nje. Kinachopasua zaidi ni kwamba barafu iliyoanza ndani ya mwamba huvuta maji kutoka kwenye vinyweleo vya jirani na kuendelea kunenepa, hasa joto likikaa kati ya nyuzi 3 na 8 chini ya sifuri kwa siku nyingi. Pasipo baridi ya namna hiyo, barafu haimo kesini.

Chumvi imo hata mahali pa joto, na huwa haishtakiwi ipasavyo. Maji yenye chumvi yakikauka ndani ya vinyweleo huacha fuwele, na fuwele zinapokua husukuma kuta. Salfeti ya sodiamu ndiyo mbaya kuliko zote: ikinyonya maji, ujazo wake huongezeka zaidi ya mara tatu juu ya ule wa kwanza, na kwa sababu hiyo maabara huitumia kupima uimara wa mawe ya ujenzi. Mfano maarufu ni nguzo ya graniti kutoka Misri iliyosimamishwa New York mwaka 1881. Ilikuwa imedumu zaidi ya miaka 3,000, lakini ilipofika huko uso wake ulianza kubanduka ndani ya miaka michache. Kwanza walilaumu baridi na hewa ya mji. Baadaye ilielezwa kwamba zamani nguzo hiyo ilianguka na kulala ardhini kwa karne nyingi, ikinyonya chumvi, na unyevu wa makao mapya ukaiamsha chumvi hiyo. Jiwe lina kumbukumbu ya mahali lilipotoka.

Mizizi, kwa upande wake, haianzishi ufa. Unywele wa mzizi unafuata ufa uliopo kwa ajili ya maji, kisha unanenepa na kusukuma kwa nguvu ya karibu megapaskali 1. Graniti nzima huhitaji takriban mara kumi ya hiyo ili ipasuke kwa kuvutwa. Lakini bamba lililokwisha kuachia linahitaji kidogo tu. Likeni, yale mabaka ya kijivu na ya manjano yaliyoganda juu ya jiwe, hutoa asidi na kupenyeza nyuzi zake milimita chache ndani. Kazi yao ni ya taratibu, na mara nyingine hulikinga jiwe kama wanavyolila.

Umeuliza kuhusu kuchimba, kwa hiyo tuingie kwenye vipimo. Unahitaji nyundo ya kati ya nusu kilo na kilo 1, kisu, ndoo ya maji, na kinga ya macho, kwa sababu graniti nzima hutupa vipande vyenye makali.

Gonga kwanza usikilize. Mwamba mzima huita kama kengele na nyundo hurudi mkononi. Uliooza hutoa sauti ya kufa, kama kugonga gogo. Usichanganye na gamba: bamba lililoachia hutoa mwangwi wa utupu hata kama jiwe lake ni zima. Ukisikia mwangwi huo juu ya kichwa chako, ondoka hapo chini, na usifanye kazi mahali hapo wakati wa jua kali la alasiri wala baada ya mvua kubwa.

Kisha jaribu kuvunja kipande kisichozidi ngumi. Wahandisi huugawa uchakavu katika madaraja sita. Daraja la kwanza ni mwamba usioguswa. La pili lina madoa ya kutu kwenye nyufa tu, na nyundo lazima ipige mara nyingi. La tatu limebadilika rangi ndani, haliwezi kuvunjwa kwa mikono lakini nyundo hulimudu. La nne huvunjika kwa mikono. La tano bado lina sura ya graniti, lakini ukilitia majini linasambaratika. La sita ni udongo mtupu, sura ya mwamba imepotea. Mpaka unaosumbua watu ni kati ya la nne na la tano, na ndoo ndiyo inayoamua. Weka kipande chenye ukubwa wa yai majini bila kukitikisa, ukitazame kwa saa moja. Kikibaki kizima ni la nne. Kikitoa mapovu, kingo zikaanguka na kikakaa kama uji na mchanga chini ya ndoo, ni la tano, na ukuta wa shimo lako utafanya vivyo hivyo mvua ikinyesha.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuligonga lile jiwe la mviringo, kusikia linaita, na kutangaza kwamba mwamba umefikiwa. Ni kokwa tu, na chini yake kunaweza kuwa na mita nyingi za udongo. Anayechimba kisima au msingi mzito anapaswa kutoboa angalau mita 3 ndani ya mwamba mzima mfululizo kabla ya kuamini, na kwenye eneo lenye kokwa kubwa mita 5 ni busara zaidi. Ukiwa na mtaimbo tu, fanya hivi: chimba pembeni mwa jiwe na ufuate tumbo lake. Likirudi ndani kuelekea chini, ni kokwa. Likiendelea kupanuka, lifuate mpaka ujiridhishe.

Tazama pia nyufa za zamani kwenye ukuta wa shimo. Hata mwamba ukiwa umegeuka udongo, nyufa hubaki kama mistari, mara nyingi zimejaa utepe wa kaolini nyeupe au kutu nyeusi inayoteleza. Mistari hiyo ikiinamia ndani ya shimo, ukuta utateleza juu yake bila onyo. Punguza mwinamo wa ukuta au uweke mihimili kabla ya mtu kuingia. Usiupime uimara kwa jinsi jembe linavyopata shida, maana udongo huu mkavu ni mgumu kama tofali, na ukilowa ni habari nyingine.

Ukitaka kuona uchakavu kwa macho yako mwenyewe bila kungoja karne, jaribu chumvi. Chukua vipande viwili vya tofali la kuchoma au jiwe la mchanga, vya kama sentimita 4 kila upande. Graniti usiitumie, vinyweleo vyake ni vichache mno na utachoka kungoja. Vikaushe kabisa kisha vipime kwa mizani inayosoma gramu. Yeyusha gramu 100 za chumvi ya mezani katika lita 1 ya maji. Kipande kimoja kiloweke humo usiku kucha, kingine kwenye maji matupu. Asubuhi vitoe vikauke juani mpaka jioni, kisha urudie. Baada ya mizunguko 15 hadi 20, kile cha chumvi kwa kawaida huwa kimepoteza kingo na kuacha unga sahanini.

Jaribio hili huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutokausha vya kutosha, kwani fuwele hukua wakati maji yanapoondoka, na kipande kinachobaki na unyevu hakipati dhoruba yoyote. Ya pili ni kupima uzito bila kuosha. Mizunguko ya mwanzo kipande huongezeka uzito kwa chumvi iliyojaa ndani, na mtu hudhani jiwe linakua. Mwishoni kiloweke kwenye maji safi siku tatu ukibadilisha maji, kikaushe, ndipo upime. Ukitaka kurudia la Griggs kwa moto na maji, usitumie mawe yaliyookotwa mtoni. Maji yaliyonaswa ndani yake hugeuka mvuke na jiwe hulipuka.

Kuhusu muda: graniti iliyo wazi kwenye nchi kame hupungua kwa milimita chache kila miaka 1,000. Iliyofunikwa na udongo wenye unyevu inaweza kwenda mara kumi ya hapo, kwa sababu udongo hushika maji kama kitambaa kibichi kilichofungwa juu ya chuma. Jabali tupu humwaga mvua na kukauka ndani ya saa moja. Maji hayo huteremka na kukusanyika miguuni pake, na hapo ndipo uozo unapokwenda mbio. Kwa hiyo shimo lako liko mahali palipooza kuliko pengine popote katika eneo hilo. Kabla ya kulipanua, chimba jingine dogo la majaribio mita 20 au 30 kutoka ukingo wa jabali, ulinganishe ndoo za pande zote mbili.